Kabla Hujanunua CDI: Kupima Moto na Kompresheni ya Pikipiki Kuukuu

Pikipiki kuukuu ikikataa kuwaka, kitu cha kwanza kufunguliwa kijiweni ni kabureta, na cha kwanza kununuliwa ni CDI. Kabureta hufunguliwa kwa kuwa iko karibu na mkono. CDI hununuliwa kwa kuwa ni kijiboksi kilichozibwa kwa gundi ngumu, hakuna anayeweza kukifungua akaona ndani kuna nini, kwa hiyo kila lawama iliyokosa mwenyewe hupelekwa kwake. Mwenye chombo analipa. Pikipiki inawaka asubuhi, mchana inamzimikia tena, na safari hii anaambiwa ni koili. Wiki inayofuata ni ringi. Nimeona watu wakibadilisha nusu ya injini kwa mtindo huu, kumbe ugonjwa wenyewe ni waya uliochubuka chini ya tangi.

Ninachokuomba, msomaji, ni hiki: spea isinunuliwe kabla ya kipimo. Na vipimo vyenyewe havihitaji karakana kubwa. Spana ya plagi, plagi moja mpya, fila geji, multimita ya bei ndogo na, ikiwezekana, geji ya kompresheni. Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja, na ukiwa na rafiki kijiweni mnaweza kuchanga mkavimiliki pamoja.

Nitazungumzia zaidi ukoo wa Honda CG125, kwa sababu ndio uliojaa barabarani kwetu hata pale ambapo jina la Honda halipo kwenye tangi. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki inabeba mzigo, inapita kwenye vumbi, na oili yake inabadilishwa kwa kuchelewa. Waliachana na mnyororo wa kuzungushia kamshafti juu kwenye hedi, maana mnyororo huo huchakaa haraka oili ikiwa chafu. Kamshafti wakaiweka chini karibu na kranki, na kazi ya kusukuma roka wakaziachia fimbo mbili ndefu. Viwanda vya China vikaja kunakili injini hiyo, vikaikuza hadi 150 na 200, na leo ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi utakuta spea zake zimerundikana hadi mlangoni. Ikiwa yako ni Boxer, TVS au Yamaha, mpangilio wa kupima ni uleule. Kinachobadilika ni namba na rangi za nyaya, na hizo ziko kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Zima swichi, toa gia, kisha sukuma kiki polepole kwa mguu. Kuna mahali itagoma. Hapo pistoni inapanda ikiibana hewa huku valvu zote mbili zimefunga. Injini nzima itakushikilia pale, utahisi mguu unarudishwa, halafu itaachia na kupita. Rudia mara kadhaa. Kama kiki inashuka moja kwa moja bila kugoma popote, au inagoma kidogo tu kisha inalegea huku unasikia hewa ikipenya mahali, usihangaike na mambo ya umeme siku hiyo. Hata moto mkali kiasi gani hauwezi kulipua mchanganyiko ambao haukubanwa. Nenda kwenye kompresheni kwanza. Mwendesha pikipiki aliyeuzoea mguu wake ana geji tayari, na nakushauri uijue kiki ya pikipiki yako ikiwa nzima, ili siku inapobadilika uhisi mapema.

Kiki ikigoma vizuri, sasa tafuta moto.

Fungua plagi uitazame kabla hujaifuta. Plagi iliyolowa petroli baada ya kupiga kiki nyingi inakwambia mafuta yanafika ila hayawaki: ama moto haupo, ama ni dhaifu, ama umezamisha injini kwa choki. Plagi kavu kabisa inakuelekeza kwenye kabureta na koki ya tangi. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kuliko hewa, au moto hafifu usiomaliza kazi. Weusi wenye utelezi ni oili, na hiyo imepita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Rangi ya udongo uliokauka ndiyo tunayoitaka. Plagi ya CG kwa kawaida ni D8EA au iliyo sawa nayo, na mwanya wake ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Upime kwa fila geji, hata plagi ikiwa mpya kutoka dukani. Plagi za bandia ziko nyingi sokoni, na nyingine zinakufa ndani ya siku chache, kwa hiyo “nimeweka plagi mpya” si ushahidi kwamba plagi ni nzima.

Wengi wanajua kupima moto kwa kuichomeka plagi kwenye kepu yake, kuilaza juu ya injini na kupiga kiki. Ni kipimo kizuri, ila kina udanganyifu wake. Moto unaoruka kwa urahisi kwenye hewa ya kawaida unaweza kushindwa kuruka ndani ya silinda, kwa kuwa hewa iliyobanwa inauzuia zaidi. Ndiyo maana unaona cheche, unarudisha plagi, na pikipiki haiwaki. Dawa yake ni kujitengenezea plagi ya kupimia. Chukua plagi ya zamani, ukate kwa msumeno kile kimkono cha chuma kinachopinda juu ya ncha ya katikati. Sasa moto unalazimika kuruka umbali mrefu zaidi hadi kwenye ukingo. Ukiruka hapo, wa bluu au mweupe, na kutoa mlio mkavu, basi koili ina nguvu ya kutosha. Ukiwa mwembamba, wa njano au mwekundu, au ukiruka mara moja na kukosa mara mbili, una tatizo la umeme hata kama plagi ya kawaida ilionyesha cheche.

Kuna mambo ya kuzingatia hapa, na nayasisitiza kwa sababu watu wameungua. Rudisha plagi nyingine kwenye tundu la injini kabla ya kupiga kiki, la sivyo mvuke wa petroli utatoka palepale unapochezea cheche. Plagi ya kupimia iguse chuma kitupu, si rangi wala kutu. Na usipige kiki huku waya wa plagi unaning’inia hewani bila kugusa chochote, maana moto ukikosa njia ya nje hutafuta njia ndani ya koili au CDI, na hapo ndipo unapoviua vitu vilivyokuwa vizima. Fanya kazi hii kivulini. Juani hutauona moto hata ukiwepo.

Moto usipoonekana, fuata njia yake kinyumenyume, kuanzia kwenye plagi kurudi kwenye magneti. Kepu ya plagi inafunguka kwa kuizungusha. Ndani yake mara nyingi utakuta kutu ya kijani kwenye ncha ya waya, hasa mvua zikianza. Kata kipande kidogo cha waya hadi uone nyuzi safi, kisha rudisha. Ukitaka kujua kama kepu yenyewe ndiyo mbovu, itoe, ushike waya kwa kibanio cha nguo cha mbao, ncha yake iwe karibu milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige kiki. Moto ukiruka hapo ila kwenye kepu hauruki, umeokoa pesa ya koili.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haigharimu kitu na inatatua mengi. Kwenye CG na ndugu zake wengi, CDI haihitaji betri. Inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye magneti, na swichi ya funguo inaizima kwa kuunganisha waya mmoja na bodi. Waya huo kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe kwenye CDI, halafu piga kiki. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima, koili ni nzima, magneti ni nzima. Mgonjwa ni swichi ya funguo, au swichi ya kuzimia kwenye usukani, au waya uliochubuka mahali fulani ukawa unagusa chuma. Tazama pale nyaya zinapopinda shingoni, chini ya tangi, na pale mtu alipowahi kufunga taa za urembo au king’ora. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa umechomolewa injini haitazimika kwa funguo, kwa hiyo jiandae kuizima kwa kuingiza gia na kuachia klachi taratibu huku umekanyaga breki. Na ikiwa pikipiki yako ni ya aina ambayo CDI inategemea betri, kipimo chako cha kwanza ni betri na fyuzi.

Bado hakuna moto? Safisha waya wa kijani, ambao ndio wa bodi, hadi unapofungwa kwenye fremu, pamoja na mahali koili inapokaa. Kutu kidogo pale inatosha kukusumbua mwezi mzima. Kisha chukua multimita uiweke kwenye omu. Waya mweusi wenye mstari mwekundu unatoka kwenye koili ya magneti inayoilisha CDI. Kati yake na bodi utegemee omu mia kadhaa. Waya wa bluu wenye mstari mweupe, au wa njano kwenye baadhi ya pikipiki, ni wa pulsa, ile inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto, na hiyo mara nyingi husoma kati ya omu mia moja na mia mbili na kitu. Multimita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Ikisoma sifuri, umegusana. Namba kamili hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, hivyo ukipata pikipiki nzima ya aina yako iliyoegeshwa pembeni, ipime nayo ulinganishe. Hakuna kitabu kinachoshinda hilo.

CDI yenyewe haipimwi kwa uhakika kwa multimita. Inahukumiwa mwishoni, pale kila kitu kinachoizunguka kimeshapimwa na kuonekana kizima. Na hata hapo, kabla ya kununua, muombe mwenzako kijiweni akuazime ya kwake kwa dakika mbili, mradi pikipiki zenu ni za aina moja. CDI ya betri ukiichomeka kwenye pikipiki ya magneti haitakupa jibu, na pengine itaungua.

Kuna ugonjwa mmoja wa moto ambao hauonekani kwa cheche. Moto upo, ni wa bluu, ila unakuja wakati usio wake. Pikipiki inapiga mishindo kwenye eksosi, inakohoa kupitia kabureta, au kiki inarusha mguu wako kwa nguvu. Kwenye CG ya CDI, taimingi hairekebishwi kwa mkono, kwa hiyo ikihama kuna kilichovunjika, na mara nyingi ni kile kipande kidogo cha chuma, kii, kinachoishikilia magneti kwenye kranki. Nati ya magneti ikilegea, kii inakatika na magneti inateleza. Kuitoa magneti kuna pula yake. Anayeitoa kwa nyundo anaweza kuipasua sumaku na kupindisha ncha ya kranki, na hayo ni matengenezo ambayo hukuja nayo. Pikipiki za zamani zaidi, zenye pointi badala ya CDI, taimingi yake huhama kadiri pointi zinavyoliwa. Hizo zisafishwe, na mwanya wake uwekwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Pointi zikiwa zinatoa cheche nyingi na kuungua haraka, badilisha kondensa.

Sasa nifike kwenye tatizo linalowapotezea watu pesa kuliko yote: pikipiki inayowaka vizuri asubuhi, ikapata moto wa safari ikazima, na haiwaki tena mpaka ipoe.

Kijana mmoja anayepandisha abiria kutoka Mombo kwenda Lushoto aliniletea ya namna hiyo. Kila akikaribia Soni inakata nguvu, inazima, anamwomba abiria radhi, wanakaa kando ya barabara nusu saa, halafu inawaka kama haikuwa na shida.

“Mzee, CDI nimebadilisha mara mbili. Koili pia.”

“Tapeti umepima?”

“Tapeti hazipigi kelele hata kidogo, mzee wangu. Ziko kimya kabisa.”

Jibu lilikuwa mle mle kwenye maneno yake. Tapeti ya CG yenye afya inasikika kidogo. Iliyo kimya kabisa inastahili kupimwa siku hiyohiyo. Kadiri valvu ya eksosi inavyofanya kazi, inazama kidogo kidogo kwenye kiti chake, na ile nafasi iliyo kati yake na roka, ambayo ndiyo tunayoipima tukisema tapeti, inapungua. Injini ikiwa baridi valvu bado inafunga. Injini ikishapanda mlima na abiria, shina la valvu linarefuka kwa joto, nafasi inaisha, na valvu inabaki wazi kwa unywele tu. Unywele huo unatosha. Kompresheni inavuja, nguvu inapotea, na gesi ya moto inapita ukingoni mwa valvu hadi inauchoma. Ikipoa, shina linarudi urefu wake, valvu inafunga, na pikipiki inawaka. Ya kijana huyu fila geji nyembamba kuliko zote ilikataa kuingia upande wa eksosi.

Ugumu ni kwamba umeme nao una tabia hiyohiyo. Koili ina waya mwembamba kama uzi, uliozungushwa mara maelfu. Ukiwa na mkatiko mdogo, joto linautanua mkatiko na moto unapotea. Ukipoa ncha zinagusana tena. Koili za magneti na pulsa, zinazokaa jirani na injini, zinaathirika zaidi. Mwendeshaji anaona dalili moja, ila magonjwa ni mawili tofauti kabisa, na jibu analolisikia kila mara kijiweni ni moja tu: CDI.

Njia ya kuyatenganisha ni kupima palepale ilipozimia, kabla haijapoa. Weka plagi ya akiba mfukoni mwako. Pikipiki ikizima, usihangaike kufungua plagi ya moto kwenye hedi. Chomoa kepu, chomeka plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma kitupu cha injini ukiwa umeishika kwenye mpira wa kepu, na piga kiki. Moto ukikosekana, ugonjwa ni wa umeme, na ukifika nyumbani pima koili za magneti zikiwa bado na joto. Moto ukiwepo, hisi kiki. Ikiwa laini kuliko asubuhi, nenda kwenye tapeti. Na kabla ya yote hayo fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kifuniko limeziba, petroli ilikuwa haishuki, na safari yako inaendelea bila gharama yoyote.

Kupima tapeti ni kazi ya injini baridi, iliyolala usiku kucha. Fungua kifuniko cha roka juu ya hedi na kifuniko cha upande wa kushoto wa injini. Zungusha nati ya magneti kinyume cha saa, ukiitazama valvu ya kuingiza. Itazama, itapanda. Ikishapanda endelea hadi alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya kwenye kasha. Sasa shika roka zote mbili kwa vidole: lazima zote ziwe na mchezo mdogo. Moja ikiwa imebana sana, hakikisha kwanza hukukosea zamu, zungusha duara moja zima hadi T irudi, na shika tena. Kwenye CG nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite wazi wala isilazimishwe. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka na nati. Wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1, na ukiwa mbali na duka unaweza kukutoa njiani. Ni afadhali tapeti iwe wazi kidogo na ipige kelele kuliko ibane. Ila fila geji inunuliwe. Bei yake ni ndogo mno kwa kifaa kinachookoa valvu.

Tapeti zikiwa sawa na kiki bado ni laini, leta geji ya kompresheni. Injini iwe na joto, plagi nje, geji kwenye tundu lake, kepu ikiwa na plagi iliyogusana na bodi. Choki ifunguliwe, ekseleta ivutwe hadi mwisho na ishikiliwe hapo. Kosa hili ni la kawaida sana: ekseleta ikiwa imefungwa injini haipati hewa ya kubana, geji inasoma chini, na injini nzima inahukumiwa kufa. Piga kiki mfululizo hadi mshale usimame. CG nzima mara nyingi itavuka psi 140. Ikishuka chini ya 100, kuwaka kutakuwa kwa taabu, hasa asubuhi. Geji za bei ndogo hazikubaliani, kwa hiyo tena nasema linganisha na pikipiki nzima kwa geji hiyohiyo.

Namba ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara chache isambae, kisha pima tena. Oili inaziba kwa muda mwanya kati ya ringi na silinda. Mshale ukipanda sana, ringi au silinda imechakaa. Ukibaki palepale, hewa inatoka kwenye valvu au gasketi ya hedi. Usizidishe oili, maana ikijaza nafasi iliyo juu ya pistoni namba itapanda kwa uongo.

Kipimo kilicho bora kuliko hicho kipo kwa fundi wa pancha, na sijui kwa nini wachache wanakitumia. Vunja kaure ya plagi ya zamani, toa vya ndani vyote ubaki na ganda la chuma lenye uzi, kisha mchomeleaji akuunganishie shina la valvu ya tairi juu yake. Kinakaa kwenye kiganja. Funga kwenye tundu la plagi, weka pistoni juu kabisa kwenye zamu ya kubana, ingiza gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, na jaza hewa kidogo kidogo kutoka kwenye kompresa. Mkono wala mguu usiwe karibu na kiki, kwa kuwa hewa inaweza kuisukuma pistoni ghafla. Sasa sikiliza. Hewa ikitokea mdomoni mwa kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikitokea kwenye eksosi, ni valvu ya eksosi. Ikitokea kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, ni ringi, na kidogo tu pale ni kawaida hata kwa injini mpya. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya hedi na silinda. Mapovu yakitokea, ni gasketi. Baada ya hapo hakuna anayeweza kukuuzia ringi wakati valvu ndiyo inavuja.

Moshi nao unasaidia kuthibitisha. Ukiwa wa bluu kila unapovuta resi, elekea kwenye ringi. Ukishuka mlima huku umefunga ekseleta, halafu ukaivuta na moshi ukatoka kwa wingi kisha ukaisha, hizo ni sili za valvu au gaidi zake.

Valvu inayovuja mara nyingi haihitaji kununuliwa. Hedi ikishatoka na valvu zikiwa mahali pake, mimina petroli kwenye njia ya kuingiza na ya kutolea moshi, utazame kama inapenya upande wa pili. Ikipenya kidogo, valvu isagwe kwa pesti hadi ukingo uonyeshe mstari mmoja wa kijivu usiokatika. Ikiwa ukingo umeliwa au shina linachezacheza kwenye gaidi, hapo pesti haisaidii, na fundi anayesaga tu anakusogezea siku.

Ringi zina mtego wake. Ringi mpya kwenye silinda iliyochakaa zitakupa furaha ya muda mfupi. Kabla ya kununua, pitisha ukucha ndani ya silinda sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapoishia. Ukikwama kwenye ngazi, silinda imeliwa. Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, inyooshe kwa kuisukuma na pistoni, na pima mwanya wa ncha zake. Ukizidi nusu milimita, ringi hiyo imekwisha. Kama ni ringi mpya na bado mwanya ni mkubwa hivyo, basi silinda ndiyo iliyokwisha, nayo inahitaji kuchongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, au kubadilishwa yote. Hapa sipendi ubahili. Lipia silinda mara moja kuliko kununua ringi tatu kwa mwaka.

Na uliza kwa nini iliisha. Kwetu jibu karibu kila mara ni vumbi na oili. Chujio la hewa lililotolewa “ili injini ipumue” linaingiza mchanga moja kwa moja kwenye silinda. CG nyingi hazina chujio la oili la kubadilisha, zina wavu na sahani inayozunguka kukusanya uchafu, hivyo oili chafu haina wa kuisafisha ila wewe unayeibadilisha. Inaingia takriban lita moja tu.

Injini ikishafungwa upya, kimbiza kilomita mia chache, iache ipoe usiku kucha, kisha kaza nati za hedi kwa msalaba na upime tapeti tena, kwa kuwa gasketi mpya hulala na nafasi hubadilika. Halafu pasha injini, pima kompresheni, na uiandike namba hiyo pamoja na tarehe ndani ya kifuniko cha pembeni kwa kalamu isiyofutika. Atakayeifungua pikipiki hiyo baadaye, awe wewe au fundi mwingine, atakuwa na cha kulinganisha nacho.